Msichana wa Koo Mbili

Binti wa mwisho wa Nikanora alikufa mwanzoni mwa majira ya machipuko, wiki ambayo mto ulikuwa umefurika na wanaume wamekwama ng'ambo na kulungu wawili waliowaua. Alikuwa akikohoa tangu majani yalipoanza kupukutika. Watu walikuja wakakaa kulizunguka hema, duara ndani ya duara, mikono juu ya mabega ya wenzao, wakawa wanayumba pamoja na kulia mpaka pumzi yake ilipokatika. Kisha wote walirudi nyuma hatua chache, wakamwachia mama mtu nafasi.

Maiti wa kike hukatwa nywele, hupakwa rangi ya manjano usoni na kuimbiwa safari na wanawake wa ukoo wake mwenyewe. Ni kazi ya mikono minane au kumi. Mmoja hushika kichwa, mwingine hukata, mwingine huchanganya rangi, na wote huimba. Siku ile ilifanywa na mikono miwili. Nikanora alizikata nywele za mwanawe, akampaka rangi, akamviringisha ndani ya ngozi ya nyati, ya mwisho iliyobaki kambini, kisha akasimama akitazama magharibi na kuuimba wimbo wa ukoo wao peke yake.

Roho za wanaume haziendi mbali. Hubaki zikizungukazunguka kambi kuwaangalia walio hai. Za wanawake huenda magharibi, na huenda zikiimba. Kwa hiyo mwanamke anayekufa bila wa kwao wa kumwanzishia wimbo huondoka kimya, na waliotangulia hawamjui kuwa ni wao. Nikanora alikuwa akilijua jambo hilo tangu utotoni, kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Alipomaliza kuimba ndipo alipolitambua kwa namna nyingine. Aligeuka kutazama nyuma yake, akaona wanawake wa koo za wengine wamesimama kwa heshima, mikono imetulia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwao.

Binti yule alikuwa na jina la tunda moja dogo jekundu linaloota kwenye vichaka vya mtoni. Jina la marehemu halitamkwi. Kiangazi kilipofika na vichaka vikainama kwa matunda, watu wa kambi, pasipo kuambizana, walianza kuyaita "yale ya kando ya maji." Hata watoto. Nikanora aliwasikia wakipita na vikapu, akainama zaidi juu ya kazi yake.

Zamani ukoo wa Nikanora, Watu wa Mchanga Mweupe, haukuwa mdogo. Lakini alipokuwa mke kijana, katika vita vile vya Wazungu kupigana wao kwa wao, kambi yao ilivamiwa alfajiri na makabila jirani, na karibu nusu ya watu wote waliuawa kabla jua halijapanda. Mama yake, dada zake watatu, mama zake wadogo na mabinti zao walibaki pale. Yeye alikimbia na mtoto wa kiume mgongoni na mimba tumboni. Waliosalia walitembea kurudi kusini mpaka kwenye mabonde ya mto Brazos, wakajenga mahema chini ya ngome ya askari, na wanaume wakawa wafuata nyayo wa jeshi. Mumewe alikuwa mmoja wao. Alikwenda na askari kiangazi kimoja, farasi wake akarudi peke yake.

Sasa askari nao walikuwa wameondoka. Ngome juu ya kilima ilikuwa imebaki kuta na mabomba ya moshi, na kazi ya kufuata nyayo hakuna. Mtoto yule wa mgongoni, Anselmo, alikuwa mtu mzima mwenye mke na mabinti watatu. Lakini mwanamume huhamia kwa watu wa mkewe, na watoto ni wa ukoo wa mama yao. Wajukuu wale watatu walikuwa na pua ya Nikanora na miguu ya Nikanora, ila walikuwa Watu wa Ukingoni, mali ya bibi yao mwingine, Tomasa.

Kwa huyo Tomasa ndiko Nikanora alikokwenda, matunda yalipokwisha. Alimkuta kando ya mto akikwangua ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa chini kwa vigingi, na Eufemia, bintiye, mke wa Anselmo, akiponda ubongo wa kulainishia.

"Karibu, mkwe," Tomasa alisema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kuazima kisu, sahau. Mwaka jana ulikirudisha kama kijiko."

"Sikuja kwa kisu."

"Basi umekuja kumtetea mwanao. Umechelewa. Anakula kama farasi, anawinda kama kuku."

"Nimekuja kuomba mtoto," Nikanora alisema.

Tomasa alicheka. "Wachukue. Wote watatu. Wachukue mpaka theluji ianguke, na mimi nipate kulala mchana."

"Siombi wa kunitembelea. Naomba binti. Awe wa Mchanga Mweupe."

Kisu cha Tomasa kilisimama. Eufemia naye aliacha kuponda.

"Mtoto ni wa kwa mama yake," Tomasa alisema polepole. "Hilo unalijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapigia kelele vijana juu ya hilo."

"Ninalijua."

"Sasa unataka tukate kidole chetu tukushonee wewe."

"Mna vidole vitatu," Nikanora alisema. "Mimi sina mkono."

Tomasa alirudi kukwangua kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuitoboa ngozi. Ni Eufemia aliyezungumza.

"Mama, huyu ndiye aliyewapokea wote watatu. Wa kati alitoka na kitovu shingoni. Wewe ulikuwa umeshaanza kulia."

"Sikulia."

"Ulilia, mama. Yeye akamgeuza, akampulizia puani. Yule mtoto hata hivyo ni wake kidogo."

Walibishana siku sita. Wazee waliitwa, wakavuta tumbaku, wakasema jambo hilo halijawahi kufanywa, na halikatazwi. Mwishowe alibaki kuulizwa mwenyewe, Selsa, yule wa kati, aliyekuwa na miaka minane na pengo la meno mawili.

"Nikiwa wa kwenu, nitakula bado kwa mama?"

"Utakula," Nikanora alimwambia.

"Na kwako?"

"Na kwangu pia."

"Basi sawa," alisema Selsa, akakimbia kurudi mtoni.

Selsa lilikuwa jina la kuazima, kama Nikanora na Tomasa wenyewe. Majina ya Kihispania ya kuwapa wageni na watu wa serikali wanaogawa chakula cha mgao, ambayo hata mfu hageuki akiyasikia. Jina lenyewe ni jambo lingine. Siku ya kumhamisha, Nikanora alimkalisha katikati ya miguu yake kama mtoto mchanga, akamchora mistari myeusi mdomoni na mgongoni kwa mkaa na mafuta, akamnong'oneza jina ambalo halikuwahi kuwa la mtu. Tomasa alikuwepo. Alitazama mpaka mwisho, akasema rangi imechorwa vibaya, akaenda zake.

Msimu uliofuata ulikuwa mzuri, au Nikanora aliukumbuka hivyo. Selsa alilala hemani kwake. Alijifunza kukwangua ngozi bila kuitoboa, kufuta miba ya matunda ya mpungate kwa kuyagaragaza mchangani, kuokota kokwa chini ya miti ya mtoni kabla nguruwe wa Wazungu hawajafika. Alikuwa mbishi. Alipoambiwa mbwa mwitu hauawi kwa sababu ndiye aliyetuchimbua ardhini tulipokuwa tumezikwa, aliuliza nani alikuwa ametuzika. Nikanora alilala akicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu machipuko.

Wimbo alimfundisha kidogo kidogo, wakiwa wawili, mbali na hema za watu. Selsa alikuwa mwepesi wa kushika. Ila kipande cha mwisho, kile ambacho mwimbaji humwachia marehemu aendelee mwenyewe, hakifundishwi msichana kabla hajavunja ungo.

"Mwisho wake ukoje, bibi?"

"Utajua ukikua."

"Na ukifa kabla sijakua?"

"Nitajikaza nisife."

"Lakini ukifa?"

"Wewe unaniombea kifo au unafundishwa wimbo? Rudia pale ulipokosea."

Majani yalipogeuka rangi mwaka uliofuata, amri ilikuja kwamba wahame. Si mbali na mto tu. Wavuke mpaka wa kaskazini, waende kwenye ardhi zilizotengwa kwa makabila. Walikuwa wamebaki watu tisini na kitu. Magari ya farasi yaliwachukua mpaka kwenye stesheni, na hapo wakapandishwa treni kwa mara ya kwanza maishani mwao. Wanawake walifunika vichwa kwa blanketi. Selsa alibandika uso dirishani na kumhesabia Nikanora nguzo za simu zilizokuwa zikipita, mpaka akalala.

Baridi iliwakuta wakiwa wageni katika ardhi ya kabila jingine, wakingoja kuambiwa waendelee wapi. Mahema ya turubai yalikuwa mepesi, kuni ni za mbali. Kabla ya mwaka kugeuka, surua iliingia. Ilianzia hema la Tomasa. Eufemia alikuja asubuhi, akasimama mbali na mlango wa Nikanora, akasema kwa sauti ya kukauka:

"Mama, usimruhusu Selsa aje kwetu. Hata akilia."

Selsa alilia siku mbili. Nikanora alimfunga mkanda wa ngozi kiunoni na ncha yake akajifunga yeye. Mdogo alikufa kwanza, kisha mkubwa. Eufemia aliwauguza wote wawili, akawazika, akalala, hakuamka tena vizuri. Homa ilimchukua siku ya tisa. Tomasa alimkata nywele binti yake peke yake. Nikanora alisimama nyuma pamoja na wanawake wengine, mikono imetulia, akamsikia Tomasa akiimba wimbo wa Watu wa Ukingoni kwa sauti iliyopasuka, na akajua hasa ni nini kilikuwa kikipita ndani ya mwanamke yule. Alimshika Selsa bega. Hakuutoa mkono huo mpaka walipofika hemani.

Tomasa alikuja baada ya wiki tatu. Hakuleta utani.

"Unajua nilichokuja kusema."

"Najua," Nikanora alisema.

"Niliwapa mkiwa hamna. Sasa mimi ndiye sina."

"Alipona kwa kuwa alilala kwangu, Tomasa. Angekuwa wa kwenu ungekuwa umeshamzika."

Alipoyasema aliona yalivyompata mwenzake, lakini hakuyarudisha. Tomasa aliinamisha kichwa, akakitazama kidole gumba chake kilichopasuka kwa baridi.

"Ndiyo," alisema. "Nalala nalo hilo kila siku. Nipe mtoto."

"Siwezi."

"Nikanora."

"Siwezi. Ulisema mwenyewe, mbele ya wazee. Ni wa Mchanga Mweupe."

Tomasa alisimama, akajifunga blanketi. Anselmo alikuwa ameketi pembeni akisikiliza mama yake na mama mkwe wake wakigombea mtoto aliyemzaa yeye. Mwanamume hana kauli katika jambo hilo. Tangu mkewe afe alikuwa amerudi kwa mama yake, anapasua kuni na kukaa.

Kiangazi walihamishwa tena, safari hii mpaka kwenye ardhi waliyoambiwa kuwa ni yao. Ilikuwa tambarare yenye upepo, na nyumba chache za mbao zilizoachwa. Kabila jingine, la milima ya magharibi ya mbali, lilikuwa limefungiwa pale miaka kadhaa, na mwaka uleule lilikuwa limeruhusiwa kurudi. Waliacha majembe, sufuria zilizotoboka na makaburi. Mengi ya makaburi hayo yalikuwa mafupi. Watu walipita kando yake bila kusema, na wazee wawili watatu waliomba mahema yasogezwe.

Katika miezi hiyo Nikanora na Tomasa hawakusemezana. Tomasa hakuomba tena. Alikuwa akipita na ndoo ya maji, na kama Selsa yuko mlangoni, aligeuza uso upande wa pili. Hilo lilimuuma Selsa kuliko kitu chochote.

"Bibi Tomasa amenikasirikia?"

"Amenikasirikia mimi."

"Kwa nini hanitazami mimi?"

"Safisha hiyo sufuria."

Mwanzoni mwa majani kupukutika mzee mmoja alikufa, mfuata nyayo wa zamani aliyekuwa amepoteza jicho. Siku ya nne baada ya maziko watu hufukizwa moshi ili waweze kurudi kwenye shughuli zao, na kazi ya moshi ilikuwa ya wanawake wa Ukingoni tangu awali. Tomasa ndiye aliyekuwa akiishika, bakuli la makaa mkononi na majani makavu. Alimfukiza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila alipomaliza kundi moja, bakuli lilipelekwa nyuma likaongezwe makaa, na kwa miaka mingi aliyekuwa nyuma ya Tomasa ni Eufemia, na mabinti zake nyuma yake.

Tomasa alimaliza, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaliachia bakuli.

Lilianguka. Makaa yalitawanyika kwenye nyasi kavu, na wanaume wakakimbia kuyakanyaga. Tomasa hakugeuka. Alibaki amenyoosha mkono vilevile, vidole vimefunguka, kama anayengoja mtu amshike. Watu walitazama chini.

Kesho yake Nikanora alimchanganyia Selsa maji ya moto, akamkogesha, akamsugua mgongo muda mrefu ingawa mistari ile ilikuwa imeshafutika zamani.

"Unakwenda kwa bibi Tomasa."

"Kulala?"

"Kuwa wa kwao. Kama ulivyozaliwa."

Selsa alimgeukia. Alikuwa karibu miaka kumi, na meno yote yalikuwa yameota.

"Mimi hamniulizi safari hii?"

"Hapana," Nikanora alisema. "Safari hii hatukuulizi."

"Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Yeye hana mtu."

"Na wewe?"

Nikanora alimfunga nguo. "Jina nililokupa, lisahau. Wimbo usiuimbe tena."

"Nimeshaujua. Nitausahauje?"

"Usiutoe mdomoni tu."

"Hata kichwani?"

"Kichwani ni kwako," alisema Nikanora.

Walikwenda wakiwa wameshikana mikono. Tomasa alikuwa mlangoni kwake akichambua maharage ya mgao. Alimtazama mtoto, akamtazama mwenzake, akayaweka maharage chini. Nikanora aliachia mkono, akageuka, akarudi kwa njia ndefu ya kupitia mtoni ili asikutane na mtu.

Watu walisema alifanya jambo kubwa. Yeye hakuliona kubwa. Aliona kwamba asubuhi anaamka na hakuna wa kumkemea. Alijaribu kuimba siku moja akiwa anakwangua ngozi, akafika katikati, akaacha. Alianza kumtazama kila mwanamke mjamzito kambini kwa jicho ambalo wenyewe walianza kuliogopa, mpaka Anselmo akamwambia, kwa upole, aache. Akaacha.

Mwaka haukumalizika. Gari la serikali lilikuja kuchukua watoto wa kwenda shule, ya mbali, safari ya siku kadhaa kwa treni, ambako wangelala na kusoma miaka mitatu bila kurudi. Mkalimani alieleza kwamba familia itakayoficha mtoto haitapata mgao, wala familia za jirani zake. Tomasa alimficha Selsa chini ya kitanda cha mbao katika moja ya nyumba zile zilizoachwa. Siku ya pili jirani mwenye watoto wadogo watano, aliyekuwa akilia alipokuwa akisema, aliwaonyesha.

Nikanora alifika gari lilipokuwa linaondoka. Watoto walikuwa saba. Selsa alikuwa amekaa nyuma kabisa, amevaa koti la mtu mzima. Hakulia wala hakupunga mkono. Aliwaangalia bibi zake wawili waliosimama mbalimbali, mmoja upande huu wa barabara, mwingine ule, akawa anahamisha macho toka kwa huyu kwenda kwa huyu, mpaka vumbi likawaziba.

Barua ilikuja mwishoni mwa baridi. Mkalimani aliisoma nje ya ofisi, ameshika kofia. Ugonjwa wa kifua, alisema. Amezikwa vizuri, pana ubao wenye jina lake. Tomasa aliuliza ni jina gani. Mkalimani alitazama karatasi, akasoma jina la Kiingereza ambalo hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia.

"Nani alimkata nywele?" Tomasa aliuliza.

"Walimkata siku alipofika. Huwakata wote."

"Nauliza alipokufa."

Mkalimani alikunja karatasi. "Bibi, hawafanyi hivyo kule."

Waliketi duara hata hivyo, bila mwili, kulizunguka hema tupu la Tomasa. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba duara la pili halikufunga. Walipokwisha kulia, Tomasa alisimama, akatazama magharibi, akafungua mdomo kuimba wimbo wa Ukingoni. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Kisha alizunguka, akaja mpaka alipokuwa Nikanora, akachuchumaa mbele yake.

"Imba wewe."

"Siwezi. Nilimrudisha kwenu."

"Sisi hatukuwahi kumfundisha wetu. Nilikuwa nangoja akue kidogo." Tomasa alijipangusa pua kwa blanketi. "Wako alikuwa anaujua. Nilikuwa namsikia usiku anauimba mdomo umefungwa. Nilijifanya nimelala. Atasikia upi huko aliko?"

"Tomasa, si wangu."

"Nakupa. Mbele ya hawa wote. Mchukue, ni wa Mchanga Mweupe. Imba sasa, anangoja."

Nikanora alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na Anselmo alimshika kiwiko. Aliimba akitazama magharibi, ingawa mtoto alizikwa mashariki na hakujua kama roho ya mtoto ingeweza kukatiza nchi yote ile, kupita juu yao, bila mtu wa kuishika mkono. Aliimba mpaka kipande cha mwisho, kile ambacho Selsa hakuwahi kufundishwa. Hicho ndicho mwimbaji humwachia marehemu aendelee mwenyewe. Nikanora alifika hapo, akakumbuka kwamba aliyeko upande wa pili hakijui. Alikiimba chote mwenyewe, mara mbili, polepole, kama anayefundisha. Kisha akanyamaza akasikiliza. Palikuwa na upepo tu, na mbwa wa mtu.

Alipokuwa njiani kurudi kwake aligundua kwamba alikuwa ameruka mistari miwili ya katikati. Alisimama. Alijaribu kuikumbuka, akaupata mmoja. Wa pili haukuja, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Tomasa alikufa kabla ya theluji ya pili. Nikanora aliishi miaka minne zaidi, akilainisha ngozi za ng'ombe, akila kwa Anselmo, ambaye alikuwa ameoa tena katika ukoo mwingine na kupata watoto wasiomhusu mama yake. Hakulalamika wala hakumkasirikia mtu. Alikuwa akijibu alipoulizwa. Wakati mwingine mkwewe mpya alimwona amesimama mtoni, midomo inachezacheza, anahesabu kwa vidole, anarudia mwanzo. Alimwita kwa chakula, naye akaja.

Alikufa mwanzoni mwa machipuko, asubuhi, watu wakiwa wamemzunguka duara moja. Waliomkata nywele na kumpaka rangi ya manjano walikuwa wanawake watatu wa koo tatu tofauti. Walipomaliza walisimama kando ya mwili, wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake anajua kinachofuata.